Mchambuzi Asiyekuwa na Kura

Kila Jumamosi saa nne asubuhi, watu mia mbili na kumi na wawili walipokea maoni ya Eliezer Mogaka, wawe wameyaomba au hawakuyaomba. Aliyaandika kwenye simu kwa kidole kimoja, akiwa ameketi kwenye meza ya jikoni katika nyumba yao ya kupanga huko Columbia Heights, Minnesota, kisha akayarusha kwenye kundi la WhatsApp la kanisa lao. Kundi lenyewe lilianzishwa kwa ajili ya matangazo ya misiba na harusi. Namna lilivyogeuka kuwa gazeti la mtu mmoja, hakuna aliyekumbuka vizuri.

Safu yake aliiita "Nimeona, Nasema", nayo ilikuwa na sehemu tatu: filamu, televisheni, na siasa za Marekani. Filamu nyingi alizitazama nusu. Mtu anayeshinda kutwa akiwainua wazee vitandani hawezi kukaa kwenye kochi saa mbili bila kusinzia. Hilo halikumzuia kutoa hukumu. "Mwisho wake ulikuwa dhaifu," aliandika mara moja kuhusu filamu ya mapenzi, na mkewe Dinah yuko tayari kula kiapo kwamba mwisho huo ulimkuta mumewe akikoroma.

Kwenye televisheni, lakini, alikuwa na haki ya kusema. Alikuwa amefanya kazi ya kuwahudumia wazee katika makao fulani ya Brooklyn Center kwa miaka kumi na minane, na tamthilia za hospitali hakuweza kuzisamehe. "Tangu msimu wa kwanza hadi wa sita," aliandika, "sijaona mtu hata mmoja akibadilisha shuka. Je, wagonjwa wa hospitali hii hawaendi haja? Madaktari wanabusiana kwenye lifti, na kumbe lifti ni ya kubebea wagonjwa!" Wauguzi, ambao walikuwa karibu nusu ya kundi, walitumiana maneno hayo kazini na kucheka mpaka wakaulizwa kuna nini.

Siasa alizichambua vilevile, kama tamthilia iliyopewa vipindi vingi kuliko ilivyostahili. Mgombea huyu ana sauti nzuri lakini hajui kusimama. Mdahalo wa jana ulihitaji mhariri. Yule mwingine amerudia mistari ya msimu uliopita akidhani tumesahau. Aliandika kwa uhakika mkubwa, kama mtu ambaye amekuwa akishika karatasi ya kura tangu ujana wake.

Mwezi Machi, siku chache kabla ya uchaguzi wa mchujo, Eliezer aliandika makala kali kuliko zote. Filamu aliipa mistari miwili. Televisheni aliiruka. Nafasi iliyobaki yote aliwamwagia wale wasiopiga kura. "Mnakaa kwenye makochi yenu mkilalamika," aliandika, "kama watazamaji waliokataa kununua tiketi halafu wanataka kubadilisha filamu. Aibu iwashike!" Watu thelathini na tisa walimwekea vidole gumba. Eliezer alivihesabu.

Siku iliyofuata, baada ya ibada, alikuwa amesimama kwenye ukumbi wa kanisa na kikombe cha chai, akipokea sifa, Atieno alipomfikia. Atieno alikuwa mwanafunzi wa uuguzi na kiongozi wa vijana, msichana mwenye daftari kila mahali aendapo.

"Mzee Eliezer, shikamoo. Ile makala imetugusa sana vijana."

"Marahaba, mwanangu. Nilisema tu ukweli."

"Sasa tumepanga hivi. Jumanne tunawapiga picha wazazi wetu wakitoka kupiga kura, na kile kibandiko chekundu cha "Nimepiga kura" kifuani. Tumeamua wewe ndiye utakuwa picha ya kwanza."

Eliezer alikunywa chai. Ilikuwa moto bado, lakini alikunywa yote.

"Jumanne niko kazini," alisema.

"Shift yako inaanza saa ngapi? Vituo vinafunguliwa mapema. Nitakuja nikuchukue na gari."

"Gari ninalo."

"Basi tutakutana hapo hapo kituoni. Ni kile cha shuleni karibu na kwenu, au sio?"

Dinah alikuwa karibu yao akipanga mandazi kwenye sinia. Aliendelea kuyapanga, moja baada ya jingine, kwa uangalifu ambao mandazi hayahitaji. Yeye alikuwa raia wa Marekani kwa miaka kumi na miwili. Alipiga kura katika kila uchaguzi, hata wa bodi ya shule, alirudi nyumbani akapika, na hakuwahi kumwambia mtu yeyote amemchagua nani. Eliezer hakuwa raia. Walipopaswa kujaza fomu za uraia pamoja mwaka ule, alisema acha baridi iishe kwanza. Baridi ya Minnesota ikaisha, ikaja nyingine, na fomu yake ikabaki ndani ya droo chini ya vitambaa vya meza.

"Tutaona," Eliezer alimwambia Atieno, na akakumbuka ghafla kwamba ameacha taa za gari zikiwaka.

Ndani ya gari, wakirudi nyumbani, walifika darajani juu ya mto Mississippi.

"Baba Kemunto," Dinah alisema, "Jumamosi utaandika nini?"

"Kuna filamu mpya ya yule mpelelezi wa treni."

"Hmm."

"Unataka niandike nini, Mama Kemunto?"

"Mimi si mwandishi. Lakini msichana wa watu atasimama kwenye baridi Jumanne akikungoja."

Jioni hiyo Eliezer alimpigia Atieno simu na kumwambia ukweli. Atieno akauliza swali ambalo Dinah hakuwa ameliuliza kwa miaka kumi na miwili, kwa kuwa jibu lake alilijua: "Kwa nini, Mzee?"

Eliezer alitaja shughuli nyingi. Alitaja kazi, baridi, fomu yenye kurasa zisizoisha. Mwishowe akasema taratibu kwamba kuna mahojiano. Unaingia chumbani peke yako na afisa, anakuuliza maswali, anakuandika umepata au umekosa. Alipokuwa darasa la nne huko kwao Nyamira, mkaguzi wa shule alimsimamisha mbele ya wote akamwuliza saba mara nane. Alisimama hapo mpaka kengele ikalia. Tangu siku hiyo hakuwa amekubali kuulizwa swali na mtu mwenye kalamu. Yule aliyewapa maseneta alama kila wiki aliogopa kupewa alama.

"Sawa," Atieno alisema. "Basi andika hivyo hivyo."

"Niandike kwenye kundi?"

"Si wewe ulituambia aibu itushike?"

Jumamosi ile watu walipokea makala fupi kuliko zote. Hakukuwa na filamu wala televisheni. "Wiki iliyopita niliwakemea wasiopiga kura," alisema. "Mimi mwenyewe sijawahi kupiga kura katika nchi hii kwa sababu sijachukua uraia, na sijachukua uraia kwa sababu naogopa mtihani. Niliwakosea. Eliezer Mogaka." Akaiweka simu kifudifudi juu ya meza, akaenda kufua nguo ambazo tayari zilikuwa safi.

Walimtania, bila shaka. Mmoja aliandika kwamba hiyo ndiyo makala ya kwanza aliyoisoma hadi mwisho. Mwingine alisema huu ni msimu mpya na unaanza vizuri. Lakini kufikia adhuhuri watu saba walikuwa wamemwandikia pembeni, kila mmoja peke yake, wakisema kwamba nao vilevile. Mmoja alikuwa amengoja miaka kumi na tisa. Mwingine, shemasi mwenye sauti nzito, aliomba jina lake lisitajwe hata mbinguni.

Hivyo ndivyo darasa la mtihani wa uraia lilivyoanza. Kila Jumapili alasiri, watu wanane wazima walibanana sebuleni kwa akina Eliezer, Dinah akawapa chai, na Atieno akasimama mbele na daftari lake. Kemunto, binti yao, aliyekielewa Kiswahili chote na kujibu chote kwa Kiingereza, aliajiriwa kuwa afisa wa mahojiano. Alikaa nyuma ya meza ya kupigia pasi bila kutabasamu.

Katika wanane hao, Eliezer ndiye aliyefanya vibaya zaidi. Majibu aliyajua. Kilichomshinda ni kukomea kwenye jibu. Akiulizwa nani hutunga sheria, alisema Kongresi, kisha akaendelea kueleza kwa nini kipindi hicho kimepoteza mwelekeo. Akiulizwa maseneta ni wangapi, alisema mia moja, na kwamba kwa maoni yake wahusika arobaini wangetosha. Maswali mengine aliyakosoa yenyewe: hili limeandikwa vibaya, hili halina mvuto.

"Dad," Kemunto alisema kwa Kiingereza siku moja, "hakuna filamu ya kuipa nyota hapa. Jibu tu."

Wale wengine waliangua kicheko, akiwemo shemasi. Eliezer naye akacheka, ingawa alichelewa kidogo.

Mahojiano yake yalikuja Septemba. Alivaa suti aliyoivaa kwenye harusi yake, na tumbo likawa na maoni yake kuhusu kifungo cha chini. Dinah alimsindikiza akabaki nje kwenye viti. Afisa alikuwa mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kwa mnyororo, na kalamu mkononi. Eliezer aliiona kalamu kwanza.

Maswali ya mwanzo yalienda salama. Nani hutunga sheria? "Kongresi," alisema, akauma ulimi kwa nguvu. Kisha afisa akauliza: taja mmoja kati ya mito miwili mirefu zaidi nchini Marekani.

Kichwa kikawa kitupu. Mto alikuwa akiuvuka kwenda kazini na kurudi, siku tano kwa wiki, na Jumapili kwenda kanisani, kwa miaka kumi na minane. Aliuona wazi: maji yake, barafu zake za Januari, kibao chenye jina lake mwanzo wa daraja. Jina halikuja. Kalamu ilikuwa imesimama hewani. Eliezer alifumba macho, akatafuta huku na huku, akashika neno la kwanza lililopita.

"Missouri," alisema.

"Sahihi," afisa akasema, akaandika.

Alipotoka nje na kumweleza mkewe, Dinah aliinuka kutoka kwenye kiti.

"Umeishi kando ya Mississippi miaka yote hii," alisema, "ukamjibu Missouri?"

"Nimepita, Mama Kemunto."

"Umepita." Alianza kucheka pale mlangoni, akacheka hadi kwenye maegesho ya magari, na walipofika darajani alilazimika kuegemea dirisha, akamwonyesha kibao kwa kidole bila kuweza kusema.

Oktoba alikula kiapo pamoja na shemasi. Siku ya uchaguzi ya Novemba, Eliezer na Dinah walikwenda asubuhi kwenye kituo cha shuleni, na Atieno akawapiga picha mlangoni huku pua yake ikiwa nyekundu kwa baridi. Ndani, Eliezer alijaza sehemu ya rais, ya Kongresi na ya bunge la jimbo kwa kasi ya mtu aliyejiandaa kwa miaka. Kisha akageuza karatasi.

Huko nyuma kulikuwa na majaji asiowajua. Kulikuwa na wasimamizi wa hifadhi ya udongo na maji. Aliyasoma majina mara tatu. Kwa mara ya kwanza tangu aanze safu yake, hakuwa na maoni.

"Mama Kemunto," alinong'ona kupitia kizuizi cha kadibodi, "huyu wa udongo na maji, wewe ulimchagua nani mara ile?"

"Baba Kemunto," Dinah alijibu bila kuinua kichwa, "kura ni siri."

Aliacha pale patupu, na Jumamosi akakiri hivyo mbele ya watu mia mbili na kumi na wawili. Wiki tatu baadaye, siku yake ya mapumziko, aliendesha gari hadi kwenye kikao cha wasimamizi hao. Chumba kilikuwa na meza moja ndefu, watu watano nyuma yake, na safu mbili za viti ambavyo havikuwa na mtu.

Mwenyekiti aliinua macho, akamwuliza kwa upole kama amepotea njia.

"Hapana," Eliezer alisema. "Nimekuja kutazama."

Walitazamana. Kisha mmoja akainuka, akamletea kahawa na kijitabu chenye picha za mizizi ya miti iliyoshika kingo za mito. Eliezer alikaa safu ya mbele, akavaa miwani yake, akaanza ukurasa wa kwanza.