Kitabu Kilichoniangusha Kanisani

Wacha nianze na aibu yenyewe tuimalize. Nilianguka kanisani. Si kuteleza. Nilianguka ile ya kuombewa, macho yamegeuka, mikono juu, nikaenda chini pamoja na spika ya kwaya. Na hakukuwa na pepo. Kulikuwa na njaa.

Pasta, mgeni kutoka Malili, alikuwa amenishika paji la uso na kiganja kama mtu anayeangalia kama papai limeiva. Anasukuma, nasimama. Anasukuma tena, anakemea, mate yananifikia, bado nasimama. Nyuma yangu wanaume wawili wametandaza mikono ya kunidaka, na mmoja wao, ambaye huwa namnyoa kila mwisho wa mwezi, akaninong'onezea kwa Kikamba nianguke basi, watu wana ng'ombe hazijakunywa maji. Mimi mwenyewe sikuwa nimekula, waliniambia nije nimefunga. Nikaona kumbe dawa ni rahisi: nikianguka tutaenda nyumbani. Nikaanguka. Lakini nikaanguka upande, wale wa kudaka wakadaka hewa.

Kanisa lote likashangilia ati mapepo yametoka. Mimi niko chini natafuta kiwiko changu, nacheka kimoyomoyo. Ujinga wangu ulikuwa hapo. Yakisemekana yametoka, basi yalikuwemo. Niliwapa ushahidi kwa mwili mzima.

Na yote haya kwa sababu ya kitabu. Mimi ni kinyozi hapa Kasikeu. Shule nilifika kidato cha pili, nikaangaliana nayo, tukaachana. Lakini kuandika napenda, na kichwa cha mtu kikiwa hakijaingia dukani mimi huwa nimeinama kwa simu naandika. Niliandika miaka mitatu. Ni hadithi ya msichana wa miaka kumi na mbili aliyepewa jina la nyanya yake. Siku moja anachota maji kwa mtungi, anasikia nyanya anaongea mle ndani. Nyanya alikufa zamani. Anamwambia mambo ya jamaa yaliyofichwa, nani alimdhulumu nani, na anataka msichana ayamalize, kwa sababu yeye nyanya aliyaacha katikati. Msichana anakua akibeba kazi ya mtu mwingine. Hiyo ndiyo hadithi. Niliilia mimi mwenyewe, mteja akiwa na povu kidevuni ananiuliza kama nimefiwa.

Nikaenda kukichapisha mjini Wote. Jamaa wa kuchapa akasema kitabu bila picha hakiuziki, akakitafutia jalada kwa kompyuta yake. Nilipoenda kuchukua nikakuta mwanamke mwenye macho mekundu na kucha kama za mwewe. Nikamwambia hakuna mtu kama huyo kwa hadithi yangu. Akasema atakuwa ameingia.

Ameingia kweli. Nusu ya waliokisoma hawakupita hapo kwa jalada, na hao ndio walikuwa na maoni mengi. Nilikuwa nimengoja watu waniulize kuhusu msichana. Hata mmoja. Badala yake mtu anakaa kwa kiti, naanza kumtengeneza, ananiuliza kwa sauti ya chini huyo nyanya ni wa boma gani.

Sikumpa jina. Nilijifanya mjanja. Kwetu jina halikai bure, kila jina lina mwenyewe aliyelala mahali, na ungemwandika yeyote kungekuwa na wajukuu mlangoni. Kwa hivyo nikaandika tu "nyanya". Kumbe nimefungua duka bila mlango. Kila boma likamweka wake. Mama mmoja alinitumia ujumbe kwamba nimemtukana susu yake, na huyo susu wake, nyanya yake mzaa baba, mimi sijawahi hata kumsikia. Mzee mwingine alikuja kunipongeza kwamba nimesema ukweli kuhusu jirani yake. Mwalimu mmoja akanisahihishia vituo na mikato, kitabu kizima, kwa kalamu nyekundu, halafu akaniambia hakusoma hadithi, hana wakati. Mke wangu akasema yeye aliniambia niandike ya mapenzi.

Nilicheka na hao wote. Ni kazi ya kinyozi kucheka. Nilikuja kuacha kucheka siku baba mdogo alipoingia.

Baba mdogo ni ndugu ya marehemu baba yangu, na ni mzee wa kanisa, ule uzee wa kukaa viti vya mbele. Kwa kitabu changu kuna mtu wa jamaa aliyesogeza mpaka wa shamba. Makonge ndiyo mpaka kwetu, na huyo mtu aliyang'oa akayapanda tena upande wa pili, kidogo kidogo, kila msimu mstari unatembea. Nilitunga. Naapa nilitunga, nilikuwa natafuta tu kitu cha nyanya kulalamikia.

Nilikuwa nimemaliza upande mmoja wa kichwa chake akauliza, "Nani alikuambia mambo ya makonge?"

Nikamuuliza makonge gani.

"Ya kwa kitabu. Mama yako alikuambia kabla afe, ama amekuambia sasa?"

Nilizima mashine. Nilidhani anatania, kwa sababu sisi wote wawili ni watu wa utani. Nikamwangalia kwa kioo nikaona jasho. Nikamwambia hakuna mtu ameniambia kitu, nimetunga, nilitoa kichwani kama vile mtu hutoa kitendawili. Akasimama, akavua kitambaa shingoni, akaenda zake na nusu ya kichwa imenyolewa na nusu iko na mvi zake. Alipita sokoni hivyo, na watu wakaanza kuuliza ni nini kimempata kwa kinyozi.

Hapo sasa ndipo hasira yangu inaanza, na sijui kama itaisha. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka yote ametufundisha kwamba aimu, roho za waliokufa, hawako. Mtu akifa ametulia, anangoja parapanda. Ukitaja hata iimu mmoja mbele yake, hata kwa mchezo, anakufanya utubu. Na kumbe yeye peke yake Kasikeu nzima ndiye anawaamini kabisa kabisa, mpaka usingizi umemtoka. Wengine tunaogopa aimu kidogo, kama mbwa wa jirani. Yeye anawaogopa kama mtu aliye na kesi nao.

Ndiye aliyemwita pasta wa Malili. Ndiye aliyesema niombewe. Na nilipoanguka, mjinga mimi, ndiye aliyesimama akashukuru, halafu akasema mapepo hayaji kwa mtu mmoja, huwa yamekaa kwa nyumba, yana mlango. Mlango, akasema, huwa ni jina.

Binti yangu wa kwanza ana jina la mama yangu. Hata angezaliwa kwa boma lolote la Mkamba ingekuwa hivyo, msichana wa kwanza ni wa mama ya baba. Mama alikuwa ameshakufa, kwa hivyo huyu alikuja kama mgeni tuliyekuwa tunamngoja. Mimi humwita mwaitu, yaani mama yangu. Sijawahi kumpiga, utampigaje mama yako? Akinituma maji naenda. Baba mdogo mwenyewe alikuwa akimwita shemeji na kumletea maembe, akisema ni ya mke wa kaka yake. Ilikuwa raha ya jamaa, kila mtu anacheka, na mtoto anapata maembe.

Sasa hiyo raha ikageuka. Maembe yakaisha. Wanawake wa ushirika wakamshauri mke wangu tumwite kwa jina la ubatizo peke yake. Shuleni wengine walihama dawati lake, na wengine, hawa wenye akili, walimwomba amuulize nyanya mtihani wa hesabu utakuja na nini. Alinisimulia hayo ya mtihani nikacheka mpaka nikashika meza. Yeye hakucheka. Akaniuliza, "Baba, mimi ni mimi ama ni susu?"

Nikamwambia akiwa susu basi anirudishie kiboko zote alizonipiga nikiwa mdogo. Hivyo ndivyo nilijibu.

Jumapili iliyofuata ibada ilipokwisha baba mdogo akasimama mbele, kichwa kimeshasawazishwa na kinyozi mwingine, akasema kuna mtoto anahitaji kufunguliwa. Akaita jina lake la ubatizo. Binti yangu alikuwa na watoto wenzake benchi la pembeni, na wale watoto wakasogea, yule akabaki peke yake kama mtu aliyemwaga uji. Pasta akaanza kukunja mikono ya shati.

Sijui niliruka benchi ngapi. Nilisimama katikati yao na yeye, nikasema huyu haombewi. Pasta akaniambia kwa upole kwamba hata mimi nilikataa mwanzoni, halafu nikafunguliwa. Nikawaambia ukweli mbele ya kanisa zima: mimi nilianguka kwa njaa, na kwa sababu huyu wa nyuma alikuwa na haraka ya ng'ombe. Yule wa nyuma akaangalia dari. Pasta akatikisa kichwa, akawaambia washirika wasikilize, hayo ndiyo mapepo yanavyoongea yakitaka kurudi.

Utafanya nini na watu kama hao? Ukianguka, ni mapepo. Ukisimama, ni mapepo. Ukiandika, ukicheka, ukisema ukweli, yote ni mapepo. Na anayesogeza makonge anakaa kiti cha mbele. Nilisikia masikio yangu yanaungua. Nilimgeukia mzee wangu, ndugu ya baba yangu, mtu aliyenifundisha kuendesha baiskeli, na hata sikupaza sauti.

"Baba mdogo, makonge kaa nayo. Mtoto ni wangu."

Aliketi chini polepole, na mke wake akaanza kumwangalia yeye badala yangu. Nikamshika binti yangu mkono tukatoka. Mama yake akatufuata, na kitabu cha nyimbo cha kanisa mkononi, alisahau kukirudisha.

Njiani mtoto aliachilia mkono wangu. Alitembea mbele. Nilijaribu kuiga pasta akikunja shati, huwa naiga watu vizuri, hata mama yake alianza kucheka. Yeye hakugeuka.

Jumatatu nilifungua duka na hakuna kichwa kilikuja. Aliyekuja ni rafiki yangu wa duka la nguo la jirani, mama Mwislamu aliyezaliwa Mwingi, tumepakana ukuta miaka mingi. Yeye ndiye mtu wa kwanza kumaliza kitabu changu, na hakuwahi kusema kitu juu yake. Nilimsimulia yote, pamoja na maneno yangu ya makonge, nikayarudia mara mbili kwa sababu yalinipendeza. Nikamaliza kwa kulaani wasomaji wote wa Kasikeu, nikasema ni heri ng'ombe wangekisoma.

Alingoja nimalize. Halafu akaniuliza, kwa hicho kitabu changu ni nani alimuuliza yule msichana kama anataka kuwa nyanya.

Nikamwambia hakuna. Hakuna mtu alimuuliza, ndio hadithi yenyewe.

"Basi wewe ndiye msomaji mbaya kuwashinda wote," akasema. "Wale wanataka kumtoa jina, wewe unataka abaki nalo, na mtoto yuko hapo katikati na umri wa kuongea. Watoto wanatoka shule saa kumi. Funga duka, ukamuulize."