Mtu wa Mwisho Katika Mstari

Masudi aliuza stempu katika posta ya Kolwezi kwa miaka ishirini na sita, na kwa miaka mitatu kati ya hiyo palikuwa na mtu mmoja ambaye hakuweza kumhudumia.

Mtu huyo alisimama mwisho wa mstari, amevaa kanzu nyeupe, kimya kama aliyezoea kungoja. Masudi alipomaliza wengine na kuinua macho ili amwite, alikuta mlango wazi na jua sakafuni.

"Yule wa kanzu ameenda wapi?" alimwuliza mwenzake Kazadi mara ya kwanza.

"Kanzu gani, tata? Wa mwisho alikuwa ule mama wa mihogo." Kazadi akacheka. "Njo maana nakuambiaka, acha kulamba batimbre. Gundi inapanda mu kichwa."

Mambo yalianza mwaka 1974, maduka ya wageni yalipopewa wenye nchi. Mgiriki mmoja muuza vitambaa, kabla ya kuondoka, alimletea Masudi kopo la biskuti lililojaa stempu. Alijua kwamba anazikusanya. Mtaa mzima wa Kapata ulijua, maana mkewe Latifa hakuwaficha majirani aibu hiyo.

Chini kabisa ya kopo palikuwa na barua iliyokunjwa ikawa bahasha yake yenyewe. Lakiri yake haikuwa imevunjwa. Stempu yake ilikuwa ya buluu, ya sentimu ishirini na tano, yenye kichwa cha mfalme wa Wabelgiji. Masudi alikuwa ameitafuta stempu hiyo ya mwaka 1886 tangu ujana wake. Aliazima kioo cha fundi saa, akahesabu vijimeno vya ukingo: kumi na tano katika kila sentimita mbili, kama orodha ya wakusanyaji ilivyotaka. Akausoma muhuri: Boma, 1892. Ilikuwa ya kweli. Alimwandikia mhandisi mmoja wa Lubumbashi, mkusanyaji mwenzake, akajibiwa kwa neno moja lililopigiwa mstari: usiifungue.

Hakuifungua. Lakini alikuwa mtu wa posta kabla ya kuwa mkusanyaji, na utotoni alisoma chuo cha Kurani, hivyo herufi za Kiarabu zilizokuwa juu ya jina la mji wa Kasongo hazikumficha kitu. Zilisomeka: Kwa Alimasi bin Abibu. Barua ilikuwa na mwenyewe. Na wiki hiyohiyo mtu wa kanzu alianza kusimama mstarini.

"Ni Alimasi," alimwambia Latifa. "Amekuja kutafuta barua yake."

"Basi umupatie," Latifa akasema, mkono ukiendelea kutwanga majani ya sombe. "Ama unaogopa kubakia bila kakaratasi kako?"

Aliogopa. Hata hivyo aliulizia ukoo wa Alimasi kila Ijumaa mlangoni mwa msikiti, akawauliza madereva wenye asili ya Kasongo, akawaandikia ndugu zao. Jibu lilikuja mwaka 1977: mjukuu wa Alimasi, Mama Kadija, alikuwa Tenke, nyumba ya tatu nyuma ya reli.

Masudi alipanda treni ya Jumamosi. Alimkuta bikizee mwembamba akichambua maharagwe, akamweleza yote, hata habari ya mtu wa kanzu, kisha akampa barua, akatoa daftari la kupokelea.

"Tia sahihi hapa, mama. Njo sheria."

"Barua inatembea miaka makumi nane na tano, na ni mi unaniharakisha?" Kadija akachora msalaba mdogo, kisha akarudisha barua mikononi mwa Masudi. "Fungula. Macho yangu imekwisha."

Masudi aliitazama lakiri kwa muda mrefu. Kisha akaivunja kwa kidole gumba.

"Kwa baba mkwe Alimasi, salamu," alisoma. "Mimi Feruzi ni mzima. Wenzangu wa safari wamekufa kwa ndui, na labda mmeambiwa kwamba nami nimekufa. Msinisomee hitima. Msimwoze mke wangu Sikudhani. Nitarudi. Kila siku nasimama posta, nangoja jibu lenu."

Kadija akauweka chini ungo wa maharagwe.

"Sikudhani njo mama yangu," akasema. "Alingoja miaka mine. Akakaa eda. Kisha babu akamupatia baba yangu." Aliutazama mkono wake mwenyewe, akaugeuza, kama mtu anayekagua kitu cha kuazima. "Ile barua ingefika, mi singezaliwa."

Treni ya madini ilipita nyuma ya nyumba. Ilipokwisha, aliuliza, "Ule mutu wa mu mustari. Ni muzee?"

"Hapana, mama. Ni kijana."

"Babu Alimasi alikuwa na imvi tangu zamani." Akamwinulia Masudi macho. "Ule haulizi barua, tata. Ule anangoja jibu."

Masudi alirudi kwenye mstari wa mwisho wa barua: nasimama posta, nangoja jibu lenu.

"Toa karatasi," Kadija akamwambia. "Andika. Sema mama yangu alikungoja mupaka bakamukataza. Sema mutoto wake wa kwanza, kaka yangu, alimuita Feruzi, na baba yangu hakukatala. Sema utusamehe, siye batu tulizaliwa."

Aliandika kwa herufi za chuoni. Kisha akauliza aipeleke anwani gani.

"Utamusomea pa posta yako. Kwa sauti."

"Mbele ya batu?"

"Yeye anasimamaka wapi?" Kisha akamsogezea ile bahasha. "Na hiki kichwa cha muzungu, ukibebe. Mi sina kazi naye."

Masudi alitikisa kichwa. "Hii timbre njo ilimulipia njia, mama. Ibakie pamoja na maneno yake."

Jumatatu asubuhi alisimama nyuma ya dirisha lake akalisoma jibu. Watu walidhani ni tangazo la serikali, wakavua kofia. Kazadi aliacha kugonga mihuri. Masudi alipofika kwenye jina la mtoto, alilisoma mara mbili. Alipomaliza, mwanamke mmoja aliyekuja kutuma pesa akasema "amina," bila kujua anaitikia nini.

Masudi alihudumia wote, mmoja mmoja. Nyuma ya mtu wa mwisho hapakuwa na mtu.

Hakumwona tena yule wa kanzu. Latifa husema kwamba mumewe hakufurahi kama yeye mkewe alivyotarajia. Alibaki baada ya saa za kazi, dirisha wazi, akiutazama mlango, na Kazadi alipomwuliza anangoja nani, alijibu kwamba hajui kama alisoma kwa sauti ya kutosha.