Folda ya Machozi ya Baba Anjelina

Ladislaus, ambaye mtaa mzima hapa Newala unamwita Baba Anjelina na yeye mwenyewe anajiita mtaalamu wa mitandao, alisomea kompyuta Masasi kwa muda mfupi kuliko msimu wa maembe. Alirudi na begi la kompyuta ambalo halivuliwi hata msibani. Ukimwambia kichwa kinauma, atakushauri uzime kisha uwashe.

Mwaka huu aliutaka uenyekiti wa chama cha kuzikana cha mtaa. Aliutaka mpaka usingizi ukamkimbia. Shida ni kwamba kwetu anayeonekana kuutaka uongozi hapewi. Inabidi atajwe na wengine, akatae, alazimishwe, na akiweza alie kidogo. Baba Anjelina akaamua kufanya mazoezi. Alijifungia chumbani, akaegemeza simu kwenye magunia ya korosho, akajirekodi akikataa: "Ndugu zangu, mimi sistahili. Mtafuteni mwingine." Akarudia, akarudia tena, kila mara akihamisha mahali pa kwikwi.

Video zote akazitia kwenye diski, akaichomeka nyuma ya rauta, kile kisanduku cha waifai ya nyumbani, ili ajitazame kwenye televisheni ya sebuleni. Rauta haikuiona. Diski ilikuwa imefomatiwa kwa exFAT, mtindo ambao rauta ile haiujui. Akaitukana kwa Kimakonde, akaitukana kwa Kiswahili, mwisho akaifomati diski upya kwa NTFS na kuzinakili video tena. Hapo ikakubali.

Mkewe, Paulina, akauliza swali la mtu mwenye akili.

"Baba Anjelina, na hao majirani uliowapa paswedi ya waifai, hawataziona?"

"Mama Anjelina, folda nimeifunga kwenye kompyuta. Nimeiambia asome Ladislaus peke yake. Hata malaika haingii."

Utaalamu wenyewe ndio huo. Kufuli lile linaheshimiwa na kompyuta yake tu. Rauta inaisoma diski yote kama mwenye mali, halafu inamgawia kila aliyeingia kwenye waifai bila hata kumuuliza jina. Ndani ya rauta kulikuwa na ukurasa wa kuweka paswedi ya diski, na pale palikuwa pameandikwa "ruhusu wote". Mtaalamu aliupita mbio kama anavyompita jirani mwenye shida.

Na waifai alikuwa nayo Sharifu, fundi cherehani wa nyumba ya pili, Myao, mtani wake. Mtani akiomba humnyimi, na akikufanyia vituko hukasiriki. Sharifu alikuwa akitafuta mpira kwenye simu yake, akakutana na folda iliyoandikwa KULIA.

Siku ya mkutano, chini ya turubai, jina la Baba Anjelina likatajwa. Akainuka polepole, mkono kifuani.

"Ndugu zangu, mimi sistahili..."

"Mtafuteni mwingine!" akamalizia Sharifu kutoka nyuma.

Watu wakacheka. Watani hao, wamezoea. Baba Anjelina akaendelea, sauti ikaanza kutetemeka. Sharifu akaja mbele mbio na kanga ya mkewe.

"Mtani, nikufute. Leo tunaanza na jicho la kushoto, siyo? Ulipoanza na la kulia haikupendeza."

Baba Anjelina angecheka tu, angeshinda. Hakuna aliyekuwa ameelewa kitu. Lakini alikuwa ameguswa kwenye utaalamu.

"Umeingiaje? Nilifunga! Folda nilifunga kwa mkono wangu!"

Kicheko kikakatika.

"Folda ya nini, Baba Anjelina?" akauliza Bi Shamsia, mwenyekiti anayeng'atuka.

"Ya mazoezi ya kulia, Bi Shamsia," Sharifu akamsaidia. "Nzuri sana. Mtaa wote tuna ruhusa."

Badala ya kukaa, Baba Anjelina akaanza kuufundisha mkutano habari za NTFS. Alieleza ruhusa, akaeleza folda, akailaumu rauta, akawalaumu walioitengeneza, na kadiri alivyoeleza ndivyo hata bibi zetu walivyoelewa kwamba mtu huyu amekuwa akijifungia na magunia kujifundisha kwikwi.

Bi Shamsia alimwacha amalize.

"Baba Anjelina, umesema hustahili?"

"Nilisema, Bi Shamsia, lakini..."

"Na tumtafute mwingine?"

Akataka kurudi kwenye habari za rauta.

"Basi tumekusikia. Kaa."

Likatajwa jina la Tahiri. Tahiri akasimama, akainamisha kichwa, akasema yeye hastahili hata kidogo, na mkutano mzima ukamlazimisha.