Mama Hakai Bure

Mama yangu ana maneno mengi ya kumsema mtu aliyekaa, na hana hata moja la kumsifu. Ukiegemea ukuta, unazubaa. Ukitumwa dukani ukachelewa, ulikuwa unazurura. Neno hilo nahisi ni ndugu wa kuzuru, ila alipotea njiani. Vijana wa barabarani nao wako kijiweni. Nadhani walianza kwa kukalia jiwe wakisubiri kibarua, kibarua hakikuja, jiwe likabaki na jina. Kwa Kimeru anayo mengine makali zaidi, siyaandiki hapa.

Kwa hiyo daktari alipomwambia moyo umechoka, apumzike kila alasiri, nilijua tuna shida. Mama ana migomba na kahawa mlimani, juu ya Usa River, na huko anayekaa mchana ni mgonjwa au mvivu. Niliogopa kumpoteza. Nikampelekea neno la watu wa pwani, kubarizi, lililotoka barazani: unakaa nje, unapunga upepo, unaongea, na hakuna anayekusema.

"Hao wana minazi," alisema. "Mnazi unajilea. Mgomba je?"

Akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Ndipo nikakumbuka kwamba mama hamwachi mgeni peke yake. Hata awe mchuuzi wa sabuni, atakaa naye mpaka chai iishe. Basi nikatoka kwangu mjini, mtaa wa Sakina, na mkate mkononi, nikasimama kwenye mlango wa nyumba niliyozaliwa, nikabisha hodi.

"Shikamoo mama. Nimekuja kukusalimia."

"Marahaba. Tangu lini unabisha hodi kwenu?"

"Leo mimi ni mgeni."

Akaniangalia, akacheka, akaketi. Alishaelewa, mama si mtu wa kudanganywa na mkate. Tukaongea mpaka jua likapoa. Kesho yake vilevile.

Siku ya tatu nilikuta jembe limeegemezwa mlangoni.

"Mgeni siku mbili," alisema. "Ya tatu mpe jembe."

Nikaingia shambani. Yeye akavuta kiti, akakaa pembeni aone kama napalilia vizuri. Sipalilii vizuri. Kila nikinyoosha mgongo aliniita mzembe, kwa sauti ya kufika kwa jirani, na alasiri nzima hakunyanyuka kwenye kile kiti. Nilimpenda sana siku ile. Nikainama tena, nikawa napalilia polepole, makusudi, ili kazi isiishe.