Kusalimia Kitanda

Binti yangu alichagua kuniuliza nikiwa nakaanga ndagala, dagaa wa ziwa letu, na ndagala wakishaingia kwenye mafuta hawakupi nafasi ya kufikiri.

"Mama, hii kazi yako itakuwa ingali iko wakati nitamaliza masomo?"

Ilikuwa Jumatatu. Alikuwa amepata diploma yake ya sekondari na alitaka kusomea kazi yangu, lakini rafiki zake walikuwa wamemwambia kwamba mashine itaimeza. Uandikishaji wa chuo ungefungwa Jumamosi saa sita mchana. Nilimwambia nitamjibu kabla ya hapo, kisha nikamtuma chumvi ili aondoke mbele yangu.

Mimi ni mwandishi wa faktire, yaani bili za wagonjwa, hospitalini hapa Uvira. Chochote kilichoingia mwilini mwa mgonjwa, sindano, maji ya dripu tunayoita seromu, vidonge, na kila kipimo alichofanyiwa, nakiweka kwenye karatasi kabla hajaenda nyumbani. Majirani zangu wa Rugenge wanasema mimi ndiye ninayezuia watu kwenye lango wasipolipa. Huwa nawajibu kwamba lango lina mlinzi wake, wakamlaumu yeye.

Kazi hii nilifundishwa na mzee mmoja, shefu, yaani mkuu wangu wa kwanza kazini, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kwake ilikuwa marufuku kuandika faktire kabla ya "kusalimia kitanda". Ndivyo alivyoita. Uliinuka, ukaenda wodini, ukampa mgonjwa mkono, ukamuuliza amepewa nini, kisha ukachungulia lile beseni chini ya kitanda ambamo familia huweka chupa tupu na vikopo vya dawa. Baada ya hapo tu ndipo kalamu iliguswa. Siku za kwanza nilimchukia kabisa. Miguu iliniuma, na yeye alikuwa akinirudisha wodini mara mbili kwa sababu ya kidonge kimoja. Baadaye nilimpenda kama baba, nikalia alipostaafu.

Kisha mashine ikaja. Sasa wauguzi wanabonyeza kwenye kibao chao namba ya kitanda na dawa waliyotoa, nami nabonyeza mara moja tu, faktire inatoka safi, hesabu imekwisha jumlishwa. Nilipewa pia kiti cha ofisini chenye magurudumu. Siwezi kusema uongo, mgongo wangu ulikipenda kiti kile kuliko ulivyowahi kumpenda shefu.

Wiki ile ile ya swali la binti yangu, mzee akalazwa hospitalini kwetu kwa presha. Watoto wake wako Bujumbura, kwa hiyo kila asubuhi nilimtuma binti yangu ampelekee uji. Mimi nilikuwa na kazi nyingi. Angalau ndivyo nilivyomwambia.

Alhamisi akaruhusiwa kutoka. Alikuja mwenyewe mpaka ofisini kwangu, fimbo mkononi, binti yangu nyuma yake na mfuko wa nguo. Nilibonyeza nikiwa na majivuno, nikitaka aone jinsi mambo yalivyoendelea tangu atuache, nikamsomea kwa sauti: kitanda, seromu chupa nne, sindano za malaria kumi. Mzee aliitikia kwa kichwa polepole.

Binti yangu ndiye aliyesema. "Mama, muzee hawakumuwekea seromu hata siku moja. Seromu ilikuwa ya ule baba wa Lubarika."

Nikamuuliza baba gani. Akanieleza, huku akinishangaa kidogo, kama mtu anayeulizwa soko liko wapi. Kulikuwa na mkulima wa mpunga kutoka Lubarika, mgonjwa wa malaria kali, kitanda cha pili kutoka dirishani, jirani na cha mzee. Mke wake alikuwa anapika nje, chini ya dirisha, na saa za kutembelea wagonjwa zilikuwa chache. Basi alasiri ya kwanza mkulima alimwomba mzee wabadilishane vitanda, ili yeye alale dirishani aweze kuongea na mke wake. Wauguzi walijua sura, walimtibu kila mtu ugonjwa wake. Lakini mashine haijui sura, inajua namba ya kitanda tu. Seromu na sindano zote za kitanda cha dirishani zilimwangukia mzee.

"Na weye, shefu, umenyamaza?" nikamwuliza.

"Minye nilikuwa nangoja nione nani atasema."

"Ungelipa?"

"Ningelipa. Kesho njo ningekuja kukugombeza."

Nilikasirika. Niliitukana mashine, nikawatukana wauguzi, nikakipiga kiti teke kikaenda mpaka ukutani. Kisha hasira ikaisha, ikabaki aibu peke yake. Mwalimu wangu alikuwa amelala hatua arobaini kutoka mezani kwangu kwa siku nne, na sikwenda kumpa mkono. Nilimpelekea uji kwa mikono ya mtoto.

Mkulima alikuwa amekwisha lipa vidonge vya presha ambavyo hakuvimeza, na alikuwa langoni na mke wake, akifunga mkeka kwenye pikipiki. Binti yangu alikimbia kumrudisha. Aliporudi nao uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama, minye nimemuharibia siku."

"Ndiyo," nikamwambia. "Hiyo nayo iko ndani ya kazi."

Niliegemea mlango nikaangalia. Alikaa chini kwenye saruji pamoja na yule baba na mke wake, akawasomea faktire mpya mstari kwa mstari, kwa Kirundi alichofundishwa na bibi yake. Aliwauliza kama wana kadi ya mituele, chama cha kusaidiana matibabu. Yule mama akafungua pindo la kitenge, kadi ikatoka ndani ya plastiki, na nilipumua, kwa maana sehemu kubwa ingelipwa na chama. Kisha yule mama akaleta beseni lake. Chupa nne za seromu, sawa. Vichupa vya sindano vilikuwa tisa.

"Ya kumi haikuchomwa," binti yangu akaniambia. "Jumatano walikuwa wamemupeleka kupimwa damu."

Tulimwita muuguzi. Alikuna kichwa, akafikiri, akakubali kwamba aliibonyeza kabla ya kuitoa. Nikaifuta. Yule baba alimshika binti yangu mkono kwa mikono miwili, ingawa alikuwa ameongezewa deni, na sikuona kinyongo usoni mwake.

Mzee naye akadai faktire yake iliyosahihishwa. Aliisoma yote, miwani kwenye ncha ya pua. "Mumesahau siku moja ya kitanda," akasema. Tukahesabu kwa vidole. Tulikuwa tumesahau. Akalipa, akaondoka akiwa amefurahi kuliko siku zote nilizomfahamu.

Jumamosi asubuhi binti yangu alivaa vizuri, akakaa mlangoni na bahasha ya diploma magotini, akiningoja. Nikakaa kando yake.

"Mwanangu, sijui kama kazi hii itakuwa ingali iko. Sitaki kukudanganya. Najua tu kwamba wiki hii kazi ilikuwepo, na aliyeifanya ni wewe. Mimi nilikuwa nimekaa."

Aliinuka, akapangusa sketi.

"Basi simama, Mama," akasema. "Saa sita watafunga."