Sauti Iliyonipasukia Shambani

Nakumbuka asubuhi ile ya palizi, mwanangu, sauti yangu ilipopasuka mbele ya watu wenye majembe. Ilikuwa miaka ya sabini, upande wa Mwakitolyo, nami nina umri kama wako. Kikundi chetu cha ngoma, Bagika, kililima mashamba ya watu kwa kuimba, na mwimbishaji nilikuwa mimi, kwa sauti nyembamba iliyosikika mpaka kijiji cha pili. Siku ile nikafungua kinywa, ikatoka sauti ya ndama mgonjwa. Majembe yakasimama. Wasichana wakacheka mpaka wakakaa chini.

Nikajua nimerogwa, tena nani kama si Masanja? Huyo alikuwa mwimbishaji wa wapinzani wetu, Bagalu, kijana wa rika langu, na juzi yake alinipa mkono kisimani. Sisi watu wa ngoma tuliamini kwamba wapinzani hutiliana dawa. Nikatafuna mizizi ya kuiondoa, nikaharisha siku mbili. Na mwilini mambo yakazidi: chunusi usoni, jasho lenye harufu, nywele kwapani. Yote nikamtwisha Masanja. Baba aliniona ninavyojificha, akakohoa, akaenda kuangalia ng'ombe wake.

Siku ya tatu nikachukua rungu, nikamfuata joshoni, kule kwenye kuogesha ng'ombe, nimpasue kichwa. Hasira hasara, lakini nani alikuwa anasikia? Nikamkuta naye ameshika fimbo. Kabla sijasema, akaning'akia kwa sauti mbili, moja ya mzee, moja ya kuku: "Umenifanya nini wewe?"

Mzee Ng'wandu, mtunza josho, akatuita. Tukamwamkia, "Shikamoo babu," sauti zikakwaruzana, akacheka mpaka akafuta machozi. Kila mmoja akamshtaki mwenzake kwa kumroga, naye mzee akatuinua mikono, akatazama makwapa yetu.

"Bagalu wangekuwa na dawa ya kuotesha nywele, mimi mwenye upara huu si ningeshahamia kwao? Mnakua, wajukuu zangu. Sauti inashuka, mabega yanatanuka, ndevu ziko njiani. Baba zenu walipita humo humo. Kwa nini hamkuuliza?"

"Tuliona aibu," nikasema.

"Aibu hiyo ndiyo imewashikisha rungu na fimbo," akajibu, na sasa hakucheka tena.

Nikaliweka rungu chini, mwanangu. Zilibaki hatua nne tu nimuue mwenzangu, kosa lake kubalehe pamoja nami.

Basi sikiliza. Mwili wako ukianza kubadilika, hujarogwa wala huumwi, unakua. Mwenzio akikutangulia, usinune. Kila mtu ana wakati wake. Dada yako akivunja ungo, ole wako umcheke. Mimi nilichekwa, najua inavyouma. Oga, jiheshimu, na mwili wa mwenzako uuheshimu. Jambo likikutatiza njoo kwangu, nenda kwa mama, kwa mwalimu, kwa muuguzi wa zahanati. Mficha uchi hazai. Yule mzee asingetuita siku ile, rungu lingetua, na leo dada yake Masanja asingekuwa mke wangu.

Mungu akukuze, mwili na busara vikue pamoja, mwanangu. Akupe kinywa kisichoogopa kuuliza, na uishi mpaka uwe na ndevu ndefu za kuvutwa na wajukuu.