Matusi ya Mkandaji wa Kampemba

Miaka haina haraka. Huja mmoja mmoja kama mabehewa ya mizigo, na kila mmoja huacha vumbi lake. Thelathini na minne ilimpita Mama Albertine akiwa amepiga magoti mkekani pake, huko Kampemba, akikanda migongo ya wapakiaji, shingo za washonaji na vifundo vya wacheza mpira. Vidole vyake vilikwisha kupinda, lakini bado viliutambua msuli uliokaza kwa jeraha na ule uliokaza kwa woga tu.

Alikuwa na desturi moja. Mwili, alisema, hujifunga pale unapongojea maumivu. Sharti uupe kitu kingine cha kungojea. Basi alitukana. Hakutukana ovyo: alipapasa mpaka akapata palipo pabichi moyoni mwa mgonjwa, na hasira ilipompanda mtu hata akakisahau kiungo chake, hapo ndipo mikono ilipofanya kazi.

"Weye, Faustin," alimwambia mwalimu aliyekakamaa shingo, "batoto ya masomo banakuita mbuzi. Njo maana bibi yako anakupikia majani tu."

"Mama Albertine! Heshima iko wapi..."

Shingo ikalia. Ndipo mama akasema alivyosema sikuzote, "Ilikuwa dawa tu, papa," na mwalimu, kwa ishara ya msamaha, akaifunga kwa mkono wake mwenyewe chupa ya mafuta ya mawese. Hakuna mgonjwa aliyewahi kuondoka pasipo kuifunga.

Mwaka jana, katika mvua kubwa, lori la mwanawe Sylvain liliteleza karibu na Kasomeno, na bega lake likachomoka. Siku tatu zilipita kabla hajafika Kampemba akishikiliwa na mkewe, Wivine. Bega limevimba, vidole vimekufa ganzi. Hospitali aliikataa. "Mikono ya mama yangu iko," alisema, "nitaenda wapi ingine?" Alikuwa akiishi kwa usukani, naye dereva wa mkono mmoja si dereva.

Mama akampaka mafuta, akashika kiwiko, akaanza.

"Muvivu weye. Hata lori ilikuchoka, ikakutapika."

Sylvain akacheka, meno yakiwa yameumana. "Mama, ile ya muvivu unaambia kila mutu. Tafuta ingine."

Akatafuta. Akausema ulevi wake, akalisema tumbo lake. Lakini mwana aliyekulia kando ya mkeka ule aliyajua yote kwa moyo, na kila alipovutwa, msuli ulikaza kama kamba ya kisima. Mara ya nne alipiga yowe.

"Mama, basi!" akalia Wivine.

Ndipo Albertine akalifikia neno alilolifungia kifuani miaka kumi na mmoja, tangu alipofariki mumewe Léonard, fundi wa reli, mwana wa fundi wa reli.

"Siku papa yako alikufa," akasema polepole, "ulikaa kwa mulango tangu asubui. Nilikuambia analala."

"Ndiyo, mama."

"Hakulala. Alisikia unakohoa. Alisema: 'Ule mwenye alikimbia reli akaenda kwa malori, asiingie. Nikufe bila kumuona.'"

Kinywa cha Sylvain kikafunguka. Mwili wote ukalegea kama nguo iliyoanuliwa, na mama akavuta, akazungusha. Bega likarudi mahali pake kwa mlio mmoja mzito.

Sylvain akaketi, akamtazama mamaye.

"Mama. Ile pia ilikuwa dawa?"

"Ilikuwa dawa tu," akajibu, macho yake yakiwa mikononi mwake. Maneno yalikuwa yale yale. Sauti haikuwa ile. Akaisogeza chupa mbele ya mwanawe. Sylvain akaitazama, akachukua shati lake.

"Wivine, twende."

Watu wamemwona Sylvain huko Sakania akipakia magunia kwa mikono miwili. Mkono umepona kabisa. Kwa mamaye hajakanyaga tena. Chupa ingali wazi dirishani, sisimizi wamefia ndani yake, na Albertine haifungi, kwa kuwa si yake kuifunga. Siku hizi anakanda kimya, na wagonjwa wananung'unika kwamba mikono yake imekuwa mikali.

Ee Mola, uungaye kilichoteguka, umrehemu Albertine na ulimi wake. Umsamehe Léonard ukali wake, umlaze pema. Uwalinde Sylvain na Wivine katika barabara zao zote. Na siku utakapomleta mwana mlangoni pa mamaye, umjalie aukute wazi, aingie. Amina.